Mke wangu ameingia kwenye maigizo. Mnieleweshe kuna nini huko

FundiSpea

Hamjambo nyote. Nauza spea za magari pale Kirinyaga Road, na tunakaa Buruburu, mimi, mke wangu na watoto wawili. Mke wangu ni mshonaji, ana kibanda chake karibu na soko. Mwaka huu amejiunga na kikundi cha maigizo kinachokutana kwenye ukumbi wa kanisa moja hapa mtaani. Nilidhani ni yale mambo ya Krismasi, Yusufu na Mariamu na wachungaji wenye mashuka kichwani. Kumbe ni mchezo mzima, saa moja na nusu, na wameshalipia ukumbi pale Kenya National Theatre.

Simkatazi, msije mkanirukia. Nataka tu kuelewa, maana nikimuuliza yeye anacheka na kusema, "Utaona."

Mazoezi ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Anarudi saa tatu usiku, sauti imekauka, miguu imevimba, lakini uso una furaha ambayo sikuiona hata siku alipolipwa pesa za sare za shule nzima. Halipwi. Yeye ndiye anayetoa. Nauli ni yake, na maleba ya watu saba ameyashona kwa uzi wake mwenyewe. Wakishaonyesha watagawana kitakachobaki cha kiingilio baada ya kulipa madeni. Mimi ni mtu wa biashara, hesabu ya aina hiyo naijua inakoishia.

Wiki iliyopita nilikuwa sebuleni naangalia taarifa ya habari, nikasikia kilio jikoni. Kilio cha msiba kabisa. Nikaruka, nikijua ama ameungua ama simu imetoka kijijini. Nafika namkuta anakatakata sukuma wiki, machozi yanamtiririka. Akaniangalia, akaniuliza, "Ilikuwa ndefu sana, ama?" Kisha akaendelea kukata.

Hayo nayavumilia. Linalonikosesha usingizi ni sentensi moja. Anaigiza mjane ambaye mashemeji zake wanataka kumtoa kwa nyumba. Kuna mahali anasema, "Hii nyumba niliipaka chokaa kwa mikono yangu." Ni hayo tu. Anayasema akipanga vyombo, anayasema bafuni, anayasema akifunga mlango wa kibanda. Mara kwa hasira, mara kwa kicheko, mara kana kwamba anaulizwa bei. Juzi aliyasema akiwa amenipa mgongo, anapangusa meza, polepole, na "mikono yangu" ikatoka karibu isisikike. Kijiko kilibaki hewani. Nikajikuta nataka kumwomba msamaha, na mimi sijamchukulia mtu yeyote nyumba.

Hunipa mswada nisome maneno ya wenzake ili yeye ajibu. Nasoma kama karani anayesoma bili ya maji. Ananiambia, "Usiigize, Baba Kevin, soma tu," na hata hiyo kusoma tu inanishinda.

Sasa nisaidieni. Mtu mzima mwenye kazi na watoto anapata nini huko? Mchezo wa runinga upo bure, na mwigizaji wa runinga halii jikoni kwangu, kwa nini mtu atoe pesa kwenda kuwaona watu wakijifanya? Na kuna jambo lingine dogo. Katika mchezo kuna mahali anamkumbuka marehemu, na huyo marehemu anatokea akiwa hai, na wanashikana mikono. Huyo marehemu ni kijana wa kurekebisha simu, mrefu. Wenye uzoefu mnasemaje?

JioniYaUmoja

Boss, mke wa jirani yangu alianza na chama cha kuchanga pesa, sasa anadaiwa na watu kumi na wawili. Wako analia tu akikata sukuma. Tulia.

NyotaYaNgara

Shemeji, nianze na marehemu mrefu, maana ndiye aliyekuleta hapa. Hayo mengine umeyatandika juu yake.

Nimeolewa jukwaani na wanaume sijui wangapi. Mmoja alikuwa na mafua wiki nzima ya maonyesho. Mwingine alikula kitunguu kibichi makusudi kwa sababu tulikuwa tumekosana juu ya nauli. Ukiwaona wale wawili wameshikana mikono, jua kwamba pale wanaposimama pamewekewa alama ya gundi sakafuni. Mkono wa kulia ndio unaoanza. Taa inatoka kushoto, kwa hiyo yeye lazima arudi nusu hatua asije akamtia mwenzake kivuli usoni. Kuna neno ambalo likisemwa ndipo mkono unaachiwa, na gauni limeburuta chini asije akalikanyaga. Yote hayo mke wako anayahesabu kichwani huku anaonekana anapenda. Na katika mazoezi kuna watu wengine kumi wamekaa kwenye viti vya plastiki wanakula mandazi wakiwatazama, na mwelekezi anapaza sauti, "Rudieni!" Usiku wa tatu wa kurudia mkono ni mkono tu.

Kuhusu sentensi ya chokaa. Mchezo hujengwa hivi. Mwanzo mnakaa mezani mnasoma, mnabishana huyu mtu anataka nini hasa. Kisha mnasimama na miswada mkononi, unaonyeshwa uingie kutoka wapi, uketi lini, nani amfuate nani. Halafu inafika siku miswada inawekwa chini, na hapo kila mtu anakuwa bubu. Maneno uliyoyakariri ukiwa umelala kitandani yanapotea ukishika sufuria, kwa sababu uliyakariri bila sufuria. Ndiyo maana anayasema akipanga vyombo. Hilo la kuyasema kwa kicheko, kwa hasira, kwa unyonge, si kwamba hajui atakalochagua. Anatafuta mjane huyu anamwambia nani. Shemeji? Marehemu? Nafsi yake? Inaelekea ile siku ya kupangusa meza alilipata jibu, na wewe ndiwe uliyekuwa mtazamaji wa kwanza. Umeona bure kitu ambacho wengine watakilipia.

Kilio nacho kina kazi yake. Machozi yenyewe si muhimu sana, aliyeketi nyuma hayaoni. Anaona mabega, anasikia pumzi. Anachojaribu jikoni ni namna ya kulia bila kuharibu koo, kwa sababu kuna onyesho la saa tisa na lingine la saa kumi na mbili unusu siku hiyo hiyo, na katika la pili mjane bado hajui kwamba amefiwa.

Unauliza mtu mzima anapata nini. Nakuambia langu. Mchana nakaa mapokezi kwenye ofisi moja, na kazi ya mapokezi ni kugombezwa. Zamani nilikuwa najibu kabla mtu hajamaliza, nikajikuta kila siku niko vitani. Jukwaani huwezi. Mwenzako akiruka mstari na wewe hukuwa unamsikiliza, ulikuwa unangoja tu zamu yako, mnaanguka wawili mbele ya watu. Kwa hiyo nikajifunza kumsikiliza mtu mpaka mwisho wa pumzi yake. Bado wananigomb­eza, ila hawakai muda mrefu.

Tena kuna zile ziara za tamthilia teule, zile zinazotahiniwa sekondari. Kigogo, ile ya Pauline Kea, ilipokuwa inatahiniwa tulizunguka nayo shule nyingi. Unaingia ukumbi wa kulia chakula, harufu ya githeri bado iko, mabati juu, wanafunzi mia kadhaa wamebanana. Nao kitabu wamekisoma wakakichakaza. Majoka, yule mtawala dhalimu, anaingia, hajafungua mdomo, wanamzomea. Tunu, binti anayempinga, anaanza sentensi, wao wanaimaliza. Utafikiri hapo hakuna cha kuigiza tena, maana kila kitu wanakijua. Lakini waangalie Tunu anapoumizwa. Wanajua ataumizwa, wanajua ukurasa, na bado wananyamaza. Siku moja mvua ikaja juu ya mabati katikati ya onyesho, hakuna anayesikia kitu. Tukasimama hatujui la kufanya. Mwenzangu mmoja, mlevi wa mchezo, akaketi chini, akatoa muhindi wa kuchoma uliokuwa kifaa chetu cha jukwaani, akaanza kuutafuna, punje moja moja, anaiangalia kila punje kabla ya kuila. Watoto walicheka mpaka mvua ikapungua, kisha akasimama, akajipangusa, tukaendelea.

Mwalimu_wa_Kiswahili

Huyo mlevi wa mahindi nina kesi naye. Wanafunzi wangu walitazama kikundi fulani, kisha katika mtihani wa majaribio wakaandika kwa kujiamini mzaha ambao haumo kitabuni hata kwa dawa. Sasa kila kikundi kikija nawaambia mapema: yale mtakayocheka sana, hayo msiyaandike.

Lakini FundiSpea, nikupe upande wa shule. Tamasha za maigizo za shule zetu zimekuwepo tangu 1959, kwa hiyo wazee wengi unaowaona wakihutubia bila karatasi walianzia huko. Mimi huwapeleka wanafunzi kila mwaka. Basi ni tabu, chakula ni tabu, na waamuzi ukiwasikiliza sana utaugua. Sababu ya kuwapeleka ni moja. Nilikuwa na kijana darasani hasomi kwa sauti hata umtishe, anagugumiza. Nikampa nafasi ya askari, maneno manne. Alifika mazoezini kabla yangu kila siku. Mpaka tunafika ngazi ya kaunti alikuwa amekariri mchezo mzima, sehemu za watu wote, na aliyekuwa mfalme alipougua aliingia yeye. Kugugumiza hakukuisha. Aligugumiza akiwa mfalme, akageuza kule kukwama kuwa ukali, na watu wakaogopa.

TaaZaNyuma

Mimi jukwaani sijawahi kusema hata neno moja. Kazi yangu ilikuwa taa. Unakaa nyuma ya watazamaji, juu, kwenye kijichumba chenye joto, mbele yako kuna vishikio vya kupandisha na kushusha mwanga, na mswada uliojaa alama za penseli. Kwa hiyo mchezo mimi nautazama kupitia visogo. Miaka yote hiyo nimeangalia visogo vya watu wa Nairobi, na naweza kukujibu lile la runinga.

Mchezo ukishika, vichwa vinatulia. Usiposhika utasikia kikohozi. Si kwamba watu wana kifua, ni kwamba mtu akichoshwa koo linamwasha, na akikohoa mmoja wanakohoa sita. Waigizaji wanasikia. Mwenye akili anapunguza sauti badala ya kuipandisha, kikohozi kinakatika, kwa sababu sasa watu wanataka kujua amesema nini. Kicheko nacho kina namna yake. Ukisema neno lako kicheko kikiwa juu, limepotea. Ukingoja kiishe kabisa, ukumbi umepoa. Unaingia kikiwa kinashuka. Hakuna anayeweza kukufundisha hilo nyumbani, kwa kuwa kicheko kiko mikononi mwa watu ambao hamjawahi kuonana, na watu wa saa tisa si wale wa jioni. Wa saa tisa wamekuja na watoto na maziwa ya mala, wanacheka haraka. Wa jioni wametoka kazini, wanakusubiri uwaonyeshe kwanza kwamba unajua unachokifanya. Mchezo ni ule ule, maneno ni yale yale, na mimi nilikuwa nalazimika kubadilisha taa kwa sekunde mbili tatu kila onyesho kwa sababu pumzi ya ukumbi imebadilika. Runinga haikusikii ukikohoa.

Niwaambie moja niliyoiona. Mama mmoja anaigiza, anakunja nguo za mtoto anamsubiri mumewe arudi. Mume anatakiwa aingie mara tu nguo ya pili ikikunjwa. Mume yuko Mombasa Road, mvua, magari hayatembei. Nyuma ya pazia kila mtu ameshika kichwa. Yule mama hajui kinachoendelea, anajua tu kwamba mlango haufunguki. Akakunja ya tatu. Akakunja ya nne. Nguo zikaisha, akazikunjua zote, akaanza upya. Hakusema kitu kwa muda, kisha akaanza kuongea na mtoto ambaye hayupo jukwaani, anamwambia baba yake huchelewa lakini hufika, anamwambia ale kwanza, anamwambia alale. Mimi nikashusha taa kidogo, kwa sababu niliona usiku umeingia bila mswada kusema. Visogo vyote vimetulia tuli. Mtu aliyecheza mume alipofika, amelowa kweli, maji yanadondoka kweli, yule mama alimtazama mpaka ukumbi wote ukapumua. Mwelekezi hakuuliza mtu, ile sehemu akaiacha ndani ya mchezo mpaka mwisho wa maonyesho. Jamaa alikuwa anamwagiwa maji nyuma ya pazia kila jioni.

Hesabu yako ya pesa ni sahihi, sitakudanganya. Ukishalipa ukumbi, mabango na pikapu ya kubeba mandhari ya jukwaa, mnabaki na ya soda. Wanaoishi kwa jukwaa peke yake katika mji huu ni wachache, na hata hao utawasikia kwenye matangazo ya redio. Kumbi nazo huja na kuondoka. Phoenix, pale Professional Centre, Parliament Road, ilikuwa ndogo kiasi kwamba mwigizaji akitoa jasho safu ya kwanza inalinusa. Haipo tena mahali pale. Marehemu Wahome Mutahi, yule wa safu ya Whispers gazetini, aliwafuata watu huko huko walikokuwa, akapeleka michezo ya Kikuyu kwenye baa, watu wanaagiza nyama na mchezo unaendelea. Nani alikuwa anatajirika hapo? Mwenye nyama.

Lakini umesema "watu wakijifanya", na hapo nitabishana nawe kidogo, tena kwa sababu ya mahali unapofanyia kazi. Kutoka Kirinyaga Road ukipita mzunguko wa Globe ukaingia University Way, Harry Thuku Road haiko mbali, huhitaji hata matatu. Huo ukumbi ambao mke wako ataingia, mkabala na hoteli ya Norfolk, ulifunguliwa 1952, mwaka ule ule ambao Waingereza walitangaza hali ya hatari. Haukujengewa wewe na mimi. Oktoba 1976 mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ukaonyeshwa humo, na watazamaji waliungana na waigizaji wakaimba na kucheza mpaka nje barabarani. Mwaka uliofuata, kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi wa viwandani wakajijengea jukwaa la wazi, wakaigiza Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, kwa Kikuyu, mchezo ambao Ngũgĩ aliuandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wale hawakuwa waigizaji. Walitoka shambani au kiwandani wakaenda mazoezini, wamechoka, hawalipwi, jambo ambalo nadhani umeshaliona kwako. Mazoezi yalifanyika hadharani, na mwanakijiji aliyeona mzee anazungumza isivyo alisahihisha palepale. Serikali ikaupiga marufuku Novemba 1977, na Desemba 31 Ngũgĩ akakamatwa akawekwa kizuizini bila kesi. Jukwaa lenyewe likabomolewa 1982. Kama ni kujifanya tu, kwa nini mtu atume watu wakabomoe mbao za wanakijiji?

Mchezo huo ulirudi Mei 2022, Kikuyu na Kiingereza, na ulirudi kwenye huo huo ukumbi wa Harry Thuku Road. Mke wako atasimama kwenye mbao hizo na maneno yake ya chokaa. Mjane anayetolewa kwa nyumba na mashemeji, Nairobi hii, usifikiri watu watakaoketi mbele yake wote wamekuja kuburudika. Kutakuwa na wawili watatu ambao ni wao.

JioniYaUmoja

Sasa nimeacha mzaha. Hiyo ya kukunja nguo imenikalia.

FundiSpea

Asanteni sana. NyotaYaNgara, umenivua nguo mbele ya watu lakini nimekubali. Kijana wa simu nimemsamehe kwa sasa.

TaaZaNyuma, hilo la mwisho sikulijua. Dada mkubwa wa mke wangu alitolewa kwa nyumba huko kwao baada ya mazishi, miaka imepita, na katika nyumba yetu halizungumzwi. Sikuwa nimeunganisha. Sasa nimekaa dukani nafikiria ile siku ya kupangusa meza.

Niulize mambo ya kawaida, maana sijawahi kuingia. Ameniwekea tiketi ya saa tisa. Nikae wapi? Naweza kumrekodi kwa simu nimtumie mama mkwe? Na akisahau maneno, mimi ambaye nayajua yote sasa, nifanye nini?

NyotaYaNgara

Akisahau, nyamaza. Nakusihi. Kuna mtu pembeni mwenye mswada, na wenzake watamrudisha njiani. Nilishaona mume anamtajia mkewe maneno kutoka safu ya pili, ukumbi mzima ukamgeukia, na mwanamke akasahau hata yale aliyokuwa anayakumbuka.

Kuhusu kukaa, kaa nyuma ambapo hatakuona. Uso wa mtu wa nyumbani unakutoa mchezoni. Ukimwona mumeo amekunja uso unaanza kujiuliza kama alikula.

TaaZaNyuma

Hapo sikubaliani. Kutoka jukwaani, taa zikiwaka, baada ya safu ya tatu ni giza tupu, hamwoni mtu. Akae safu ya tano, katikati. Nyuma kabisa mwanamke anayesema maneno kwa sauti ndogo atampotea, na ametuambia mwenyewe "mikono yangu" haisikiki vizuri.

Simu zima kabisa, si kuondoa mlio tu. Kioo kikiwaka, uso wako unakuwa wa buluu, na huo ndio uso pekee atakaouona gizani. Mama mkwe mlipie nauli aje la jioni.

NyotaYaNgara

Sawa, safu ya tano, nimeshindwa. Ila moja la mwisho, shemeji, kwa sababu wanaume wengi hulikosea. Ukimpata nje baada ya onyesho usimwambie "ulikuwa mzuri". Ataambiwa hivyo na kila mtu, pamoja na wale waliokuwa wanachati. Mwambie mahali fulani hasa. Mwambie, ulipoweka ile sahani chini kabla ya kumjibu shemeji yako, nilishtuka. Atajua uliona. Na kama kuna mahali hapakukaa sawa, hilo lihifadhi mpaka jioni imekwisha, bado ana onyesho lingine na uso wa mjane haujakauka.

FundiSpea

Nimeandika. Kumbe la jioni nalo niingie?

TaaZaNyuma

Ingia yote mawili ukiweza, la jioni lipie mlangoni. Milango hufungwa mchezo ukianza, kwa hiyo usifunge duka dakika za mwisho, na siku ya Jumamosi upande wa Globe unajua ulivyo.